Jina Nililolitaja

Mara ya kwanza nilipoipunguza sketi yangu ya bluu kiunoni nilisema ni umri. Mara ya pili nikasema ni kazi, maana ilikuwa Septemba na nguo za shule zilikuwa zimejaa kutoka mezani hadi dirishani. Mara ya tatu nilikuwa nimeketi kwenye cherehani yangu pale Mususa, mtaa wetu wa Butembo, pini mdomoni, na binti yangu Kahindo akasimama mlangoni akiitazama mikono yangu. Mshonaji anaweza kuwadanganya watu wote kuhusu mwili wake, lakini utepe wa kupimia ameushika mwenyewe. Ndani ya wiki sita kiuno changu kilikuwa kimepungua upana wa vidole vinne.

Naitwa Masika, na nimepona. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu anayekohoa leo na kukikunja kitambaa haraka ili wengine wasione alichotema. Mambo ya dawa muulize muuguzi wako. Mimi ni fundi wa nguo. Ninachoweza kukueleza ni jinsi siku zinavyopita ukiwa na ugonjwa ule, na jinsi nilivyokuwa nikiugua kitu kingine pamoja nao, ambacho vidonge havikukigusa.

Siwezi kuueleza ugonjwa wangu bila kumweleza Katungu.

Alikuja kwangu kutoka Beni akiwa msichana wa miaka kumi na minane, ametumwa na mama yake ajifunze kushona. Nilimpa cherehani ya pili, ile iliyokuwa ikikwama kila mvua ikinyesha, na baada ya mwezi mmoja alikuwa akiisikiliza na kujua inataka nini kuliko mimi. Asubuhi za Butembo zina baridi, ukungu unakaa kwenye mikaratusi hadi saa tatu. Tulijifunga vitenge viwili viwili mabegani na kunywa chai ya tangawizi katika kikombe kimoja, kwa sababu cha pili kilivunjika na hakuna aliyekumbuka kununua kingine. Msimu wa komunyo ya kwanza tulishona magauni meupe tu, na tulinawa mikono kila saa ili tusiyachafue. Katungu aliimba. Sauti yake haikuwa nzuri, na alijua, lakini aliimba. Jumapili nyingine tulipanda gari kwenda kwa mama yake Beni, tukala ndizi na samaki, tukarudi siku hiyo hiyo. Siku hizi mtu kabla ya kwenda Beni huuliza kwanza kama njia ina usalama. Sisi tulikuwa tunauliza tu kama kuna mvua.

Mdogo wangu Kambale alizoea kuniletea maharage kutoka Kalunguta, ambako mama yetu analima hadi leo. Ikafika wakati maharage yalikuja hata kama ya wiki iliyopita hatujayagusa. Nikaelewa, nikacheka peke yangu. Ni mimi niliyempeleka Katungu kwa mama yetu, na ni mimi niliyemshonea gauni la ndoa. Akawa semeki wangu, mke wa mdogo wangu, na akaendelea kuniita Yaya, dada mkubwa, kama zamani.

Kisha akafungua chumba chake cha kushona kule Kimemi, penye watu wengi na biashara nyingi. Aliniaga vizuri. Nami nikambariki kwa mdomo. Lakini wateja wangu kadhaa wakamfuata, kisha shule niliyokuwa nikiishonea miaka tisa nayo ikamfuata, na polepole nikaacha kumtaja kwa jina. Nilikuwa nasema "yule wa Kimemi". Kahindo alinisikia mara moja akaniuliza, "Mama, yule nani?" Nikajifanya sikumsikia.

Kikohozi kilianza na mvua. Mwanzoni kilikuwa kikavu, kama mtu aliyemeza vumbi la kitambaa, na wote wa kazi yangu tunakohoa vumbi la kitambaa. Mwezi wa kumi nikashindwa kukanyaga cherehani. Nikipanda ngazi tatu za nyumba yangu nilisimama kwenye ya pili kutafuta pumzi. Kahindo akanipeleka Kalunguta nikapumzike kwa mama, na aliyekuja kunihudumia ni Katungu. Alifunga chumba chake wiki tatu. Alikuja na mtoto wake, Neema, wa miaka mitatu, akatandika mkeka karibu na kitanda changu. Kila asubuhi shuka zilikuwa zimelowa jasho, naye alizibadilisha bila kunung'unika. Aliniogesha. Alinipikia uji wa mtama, akauonja kwanza kwa kijiko chake kama ni moto mno, kisha akaninywesha kwa kijiko hicho hicho.

Ndipo watu wakaanza kunong'ona. Kwetu mtu akikonda na kukohoa, wengi hawasemi ugonjwa. Wanasema karuho, sumu ya taratibu ambayo mtu hutiliwa katika chakula. Shangazi yangu akanipeleka kwa mama mmoja wa maombi aliyepokea wagonjwa sebuleni kwake. Aliniwekea mkono kichwani, akasali kwa muda mrefu, akauliza:

"Nani anakupatiaka chakula?"

Ningeweza kusema watu wengi. Ningeweza kusema sijui. Nilijua kabisa kwamba Katungu hakunifanyia kitu. Nilikuwa nimemwona akionja ule uji kila siku. Lakini nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa kufa, na mahali fulani chini ya kikohozi ilikuwapo ile shule iliyohama.

"Katungu," nikasema.

Shangazi alikuwa ameshasimama.

Familia ikakutana uani kwa mama juma lililofuata. Wazee wa ukoo waliketi kwenye viti vya mbao, Kambale akaketi chini, na Katungu akasimama katikati na mtoto mgongoni. Hakulia. Alinigeukia akasema:

"Yaya, uniangalie mu macho. Useme mbele ya bantu bote, nilikutilia nini mu ule uji?"

Niliangalia maharage yaliyokuwa yameanikwa nyuma yake. Nikakohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli, lakini kilinijia wakati ule kama rafiki, nikajificha ndani yake mpaka mzee mmoja akasema inatosha. Kesho yake Kambale alimpeleka mke wake na mtoto kwa mama mkwe wake Beni. Akarudi peke yake, akachukua jembe akaenda shambani.

Majuma mawili baadaye nilitema damu kwenye beseni. Nilikuwa nimesharudi Mususa. Kahindo hakuniuliza maoni. Aliita pikipiki, akaketi nyuma yangu akinishika kama gunia, tukaenda kituo cha afya.

Benchi la watu wa kifua lilikuwa nje, chini ya bati, mbali kidogo na wagonjwa wengine, na kila aliyepita alijua maana ya umbali ule. Nilivuta kitenge usoni nikiomba nisionwe na mteja wangu. Mama aliyeketi pembeni yangu naye alikuwa amejifunika. Nikaitazama blauzi yake, nikaona mshono wa mabega ni wangu. Alikuwa Mama Furaha, muuza vitunguu, mteja wangu wa miaka mingi. Tulijifanya hatujuani kwa dakika chache, kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, na kicheko kikatufanya tukohoe wote wawili hadi machozi. Kama uko kwenye benchi la namna ile sasa, mtazame jirani yako. Huenda naye anakuficha uso.

Muuguzi alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa na serikali zamani, tulimwita Muganga Kalonji, na kama sisi sote alisema mais ya Kifaransa badala ya lakini. Majibu yalipotoka aliniketisha mbele ya dirisha lililo wazi.

"Mama Masika, ni kifua kikuu," alisema. "Hapana karuho, hapana bulozi. Ni ugonjwa tu, na inapona. Mais utakunywa dawa kila siku, miezi sita. Hapana kuruka hata siku moya."

Kahindo akashusha pumzi. Mimi nilisikia maneno mawili tu: hapana karuho.

Muganga akafungua daftari. "Sasa unipatie majina ya bantu bote benye balikuwa karibu na weye. Benye mulilala nabo, benye balikuhudumia. Nabo batapimwa."

"Ninaishi na binti yangu tu," nikasema. "Kahindo."

Kalamu yake ikangoja kujua kama ndio wote. "Njo bote?"

"Njo bote."

Njiani Kahindo alitembea hatua moja nyuma yangu. Tulipofika karibu na nyumbani akasema, "Mama, na Tantine Katungu? Alilala na weye wiki tatu. Na Neema."

"Iko mbali."

"Na ile neno mulimusemea?"

"Nyamaza, Kahindo."

Akanyamaza. Alinyamaza karibu miezi miwili. Alinipikia, alinifulia, aliniamsha asubuhi niende kunywa dawa, alikuwa binti mwema kuliko nilivyostahili, lakini nyumba yetu iliyozoea vicheko ikawa kama chumba cha kungojea. Watu wa Kalunguta niliwatumia habari kwamba muganga amesema mapafu yameshikwa na baridi.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa mizito. Kila asubuhi nilishuka kilima katika ukungu hadi kituoni, nikameza vidonge mbele ya Muganga Kalonji, akatazama koo langu likipanda na kushuka, akatia alama. Mkojo ukawa na rangi ya Fanta, na siku ya kwanza nilidhani nakufa kwa njia mpya. Magoti yaliuma. Kichefuchefu kilinikamata kila nikisikia harufu ya mafuta ya mawese. Noeli nilikula vijiko viwili vya wali nikalala. Kisha, katikati ya Januari, njaa ilirudi ghafla. Nilikula viazi, nikala sombe ya majani ya muhogo, nikala parachichi ambalo Mama Furaha aliniletea limefungwa kwenye gazeti, tukaligawana kwenye benchi kwa kisu cha vitunguu. Ajabu ni kwamba leo naikumbuka ile njia ya kilima kwa upendo. Nakumbuka moshi wa asubuhi, wanafunzi wakikimbia na magauni niliyoyashona mwenyewe, Mama Furaha akipiga hodi ukutani kwangu ili twende pamoja. Sikuwa na kazi yoyote duniani isipokuwa kupona.

Mwisho wa mwezi wa pili wakapima tena makohozi. Hayakuwa na kitu. Muganga Kalonji akanipa mkono kama mtu anayepongeza harusi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Kahindo, naye akaufunika uso kwa kanga akalia. Alipomaliza aliniuliza neno moja tu.

"Na sasa?"

Nilikuwa na jibu la kumkwepa, lakini wiki ile ile alikuja mteja kuchukua suruali ya mumewe, mfanyabiashara anayepita Beni kila mara. Akiwa anakunja suruali alisema, bila nia yoyote, "Yule mushonaji ya Kimemi, nilimuona kule Beni. Amekonda sana. Anakohoa."

Alipoondoka niliketi na mikono imelala kwenye kitambaa. Nilikuwa nimekujua kule kukonda kutoka ndani. Nilijua nani alimpa, na katika wiki zipi, na kwa kikohozi kipi. Na kulikuwa na daftari ambalo jina lake lingekuwamo tangu Desemba kama nisingesema njo bote.

Ilikuwa Kwaresima. Jumamosi mchana nikaenda kanisani kuungama. Padri Anselme ni mzee, sikio lake moja limekufa, na kwa sababu hiyo waumini hupanga mstari mbali sana naye, wasisikie ya wenzao. Nilipiga magoti. Nilianza na yale madogo: hasira, misa nilizokosa, maneno juu ya jirani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na ile yenye ilikuleta?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu uji, sebule ya maombi, maharage niliyoyaangalia, daftari la muganga.

"Jina yake nani?"

"Katungu."

"Sema nguvu. Hii sikio haifanye kazi."

"Katungu, Padiri." Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye kuta. Niliwaza kwamba mstari mzima umenisikia, na kwa mara ya kwanza sikujali.

"Mungu anakusamehe. Ile usiogope, haiko kazi yako kuipima. Mais huyu mama anabeba kosa yenye haiko yake. Uongo ulisemwa mbele ya bantu. Ukweli nayo isemwe mbele ya bantu. Na mbele ya yote, apate dawa. Utaenda?"

"Naogopa, Padiri."

"Sikuulize kama unaogopa."

"Nitaenda."

Akainua mkono akaniondolea dhambi. Nilitarajia kutoka pale nikiwa mwepesi, kama walivyotufundisha tukiwa watoto wa katekisimu. Nilitoka kama mtu aliyepewa kazi na amepewa pia nguvu ya kuifanya, kiasi kinachotosha tu kufika mlangoni. Mlangoni nikapata nyingine.

Jumatatu nilimwambia Muganga Kalonji kwamba nimekuja kuongeza majina. Nilijiandaa kukemewa. Akafungua daftari akaandika: Katungu, Neema, mama yangu, Kambale. Akaandika pia karatasi ya kupeleka kituo kimoja cha Beni, na akanipa vidonge vya wiki kadhaa nikanywee huko.

"Bengine habarudi kuongeza," alisema, akafunga daftari.

Kalunguta iko njiani kwenda Beni, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuipita. Kahindo alinisindikiza hadi pale. Niliomba mama awaite wale wazee wale wale, na nikasimama pale pale alipokuwa amesimama Katungu. Nikasema ugonjwa wangu una jina, na jina hilo si karuho, na kwamba nilijua tangu mwanzo kuwa Katungu hana kosa. Shangazi akainama. Mama yangu alinitazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka mtu.

"Ulinifukuzia mutoto," akasema, akainuka akaingia ndani.

Kambale alinifuata barabarani nilipokuwa nikingoja gari. Nilidhani atanipiga. Alisimama pembeni yangu, macho barabarani.

"Weye ulisema jina," alisema. "Miye njo nilifungua mulango. Hapana kubeba yote peke yako."

"Twende wote."

"Enda weye kwanza. Miye nitakuya nikipata uso."

Beni ina joto, na baada ya baridi ya Butembo unashuka kwenye gari kama umeingia jikoni. Nilimkuta Katungu uani kwa mama yake, anageuza kakao iliyoanikwa kwenye turubai. Mifupa ya mabega ilikuwa imeinua blauzi. Aliniona, akaendelea kugeuza.

"Unakuya kuangalia kama nimekufa?"

"Nakuya kusema ukweli mbele ya mama yako."

Mama yake akatoka. Niliwaambia wote wawili, nimesimama juani, na sikukohoa hata mara moja. Sikuwa tena na mahali pa kujificha. Nilipomaliza Katungu aliegemea ule mti wa kugeuzia.

"Nilijua," akasema. "Na weye ulijua. Bale bengine balikuwa bajinga tu, mais weye ulijua. Njo kitu ilinikula."

"Unisamehe, Katungu."

"Leo sina."

"Sikuombe leo. Mais twende upimwe. Kile ulichokivuta kwa kikohozi yangu, miye nakijua."

Alienda, kwa ajili ya Neema. Majibu yakawa kama nilivyoogopa: yeye alikuwa na kifua kikuu. Mtoto hakuwa nacho, akapewa dawa ya kumkinga. Mama yake Katungu ni mzee na anahangaika na kakao, kwa hiyo nilibaki. Nilikaa Beni wiki tano. Nilichota maji, nikapika, nikafua shuka zilizolowa. Katungu alikula nilichopika na hakusema nami. Nilijifunza kufanya kazi bila kutazamwa, na sasa nadhani ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya malipizi yangu, ingawa Padri hakuitaja.

Siku moja alitapika vidonge vyote asubuhi. Nilienda kwa muuguzi wa pale, akaniruhusu nimpe kiazi kitamu kidogo kabla ya dawa. Nilikipika, nikakileta, akakitafuna polepole.

"Weye nayo ulitapika?" akauliza.

"Wiki mbili. Na mafuta ya mawese ilininukia kama petroli."

"Aa. Miye ni sabuni." Akatafuna tena. "Na mukojo, weye haukunipasha habari ya ile rangi. Nilifikiri ninakufa."

"Mimi pia."

Alicheka kidogo puani. Baada ya hapo aliniachia nimwogeshe. Tulizungumza habari za kazi: vitambaa vya siku hizi vinavyofumuka, magauni ya komunyo, yule mama mnene aliyetaka gauni la kiuno cha msichana. Kuna mchana alianza kuimba huku ninamsugua mgongo, akakatika kwa kikohozi, akaendelea. Nilijifanya ninatafuta sabuni ili asinione.

Jumapili ya Pasaka, tulipotoka misa, alisimama nje ya kanisa akarekebisha kitenge cha Neema.

"Nimekusamehe, Yaya," alisema. "Mais hapana kuniuliza kila siku kama ingali."

Nilirudi Mususa. Juni nikameza kidonge cha mwisho. Katika shirika letu, majirani tunaosali pamoja kila juma, nilisimama nikawaambia nilichougua na nilichomfanyia semeki wangu, kwa sababu wengi wao walikuwa wamelisikia lile jina na kulipeleka mbele. Wawili waliacha kuniletea nguo. Mmoja alibaki baada ya sala akaniuliza, kwa sauti ya chini, kituo kinafunguliwa saa ngapi. Kambale alikwenda Beni mara nne kabla Katungu hajakubali kuketi naye. Alimngojesha mpaka mahindi yakavunwa, na sikuona kosa.

Septemba mvua zilirudi, na nilikwenda Beni siku ambayo Katungu alimaliza dawa zake, nimrudishe nyumbani. Muuguzi akafunga karatasi yake, akatuaga. Mvua ilikuwa kubwa, tukaketi kwenye benchi la nje kungoja ipungue, Neema akicheza na matone yanayoanguka kutoka kwenye bati. Kulikuwa na wagonjwa wapya watatu upande wa pili, wamejifunika. Katungu aliwatazama kwa muda.

"Yaya," akasema, "miye nayo niko na zambi."

Nilidhani anatania.

"Tangu walinirudisha huku, kila siku nilisali ufe. Hapana kwa hasira ya mudomo. Nilipiga magoti. Siku nilisikia unatema damu, nilichinja kuku. Mama aliniuliza ni sikukuu gani, nikanyamaza. Kisha nikaanza kukohoa, nikasema ni ile sala inarudi kwangu." Alivuta pumzi, pumzi ndefu na safi, ambayo miezi sita iliyopita asingeiweza. "Niliungama kwa Padiri wa huku tangu mbele ya Pasaka. Aliniambia nikuambie. Nimekawia. Unisamehe."

Miezi yote ile nilikuwa nimemwona Katungu kama shuka jeupe na mimi kama doa. Nilipokea msamaha wake, na wa Mungu pia, kama mtu anayepokea kitu ambacho mtoaji amekitoa kwa maumivu na anaweza kukidai kesho. Niliamka asubuhi nyingi nikiogopa kwamba leo amekichukua. Na sasa alikuwa ameketi pembeni yangu akiniomba mimi.

"Nimekusamehe," nikasema. Lilinitoka kabla hajamaliza kufuta macho. Nilijichunguza kama nimebakiza kitu, kama ningetaka siku moja kulirudisha lile neno. Sikuona. Kuku alichinjwa, nilikuwa nimestahili, na sikumtakia Katungu hata baridi ya ile mvua. Ndipo nilipoamini kwamba nami nimesamehewa.

Mvua ikapungua. Katungu akamfunga Neema mgongoni, nikachukua mfuko wa nguo zao, na tukaenda kutafuta gari la Butembo.